Mkono wa Mama Mkwe

Mteja alikuwa amenyolewa shavu moja tu wakati mdomo wake ulipopinda. Kabla kinyozi hajaamua kama ni wembe wake uliofanya hivyo au umepinda wenyewe, bangili ya mteja ililia mara mbili, na Kozi akawa ameshatua mbele ya kibanda, anakunja mabawa. Mikono miwili ya mpira ikaingia dirishani, ikamnyanyua yule bwana pamoja na kiti na taulo shingoni. Dakika ishirini na tatu baadaye akarudishwa, mdomo umenyooka, akaketi pale pale amaliziwe shavu la pili. Kinyozi aliapa kwamba povu lilikuwa bado halijakauka. Kinyozi huyo hakuwa mtu wa kuaminika sana, lakini habari ya povu watu waliipenda, wakaiacha iishi.

Huo ni mji wa Shinyanga, mwaka 2094. Kiharusi kilichokuwa kikiwalaza watu kitandani miaka kumi kilikuwa kimegeuka jambo la kuhadithiana sokoni. Kozi alikuwa mashine ya kuruka yenye akili yake, na tumboni mwake alibeba vifagio: vijidudu vya chuma, elfu kumi katika tone moja la maji, vinavyoingizwa kwenye mshipa wa shingo na kwenda kufagia donge la damu lililoziba njia ubongoni. Vilikuwa na sharti moja. Mshipa uliozibwa muda mrefu hulegea kama kamba ya katani iliyolowa. Vifagio vikiingia baada ya saa nne kupita, vinaupasua, na mgonjwa anakufa kwa dawa badala ya ugonjwa. Kwa hiyo swali la kwanza la Kozi, kila alipotua, lilikuwa lile lile: ilianza saa ngapi?

Aliyevaa bangili hakuulizwa, maana bangili iliandika dakika yenyewe, na kuivaa kulihesabiwa kuwa ridhaa. Asiyevaa, waliulizwa ndugu zake. Kisha ukoo ulitoa ridhaa, maana siku za mwanzo Kozi aliwahi kumchukua bibi mmoja bila kuuliza, wajukuu wakamrushia mawe mpaka akaanguka na bibi wa watu tumboni. Mwisho kabisa, shahidi aliyemwona mgonjwa ugonjwa ukianza, au aliyekuwa wa mwisho kumwona mzima, alimshika mkono na kuutaja muda kwa sauti. Sharti hili la mkono lilitungwa na mhandisi mkuu mwenyewe, Nkwabi Luhende. Hakuamini kwamba binadamu anaweza kuushika mkono wa mgonjwa wake akasema uongo.

Nkwabi alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye kawaida ya kuinama milangoni hata penye milango mirefu. Alikuwa amemuoa Minza, msimamizi wa roboti za kuchambua pamba kiwandani. Baba mkwe alipofariki, mama mkwe, Bi Holo, alihamia kwao, na hapo ndipo akili ya uhandisi ilipopata kazi ya kweli. Kwa Wasukuma wa mila, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na chumba cha mama mkwe ni kama kaburi la mtemi: unajua lilipo, huendi.

Sasa mtaishije nyumba moja? Nkwabi aliunda milango-adabu. Milango hiyo ilizijua hatua za miguu yao wote wawili. Nkwabi akikanyaga ukumbini, mlango wa mama unajifunga. Mama akielekea jikoni, wa Nkwabi unajifunga. Siku moja walitoka kwa pamoja, milango ikachanganyikiwa, ikafunga kila kitu mpaka mchana, Minza akiwa bafuni na sabuni machoni. Ukiondoa siku hiyo, waliishi miaka saba chini ya paa moja bila kuonana. Kila asubuhi Nkwabi alisimama upande wa pili wa ukuta akamwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," na ukuta ukamwitikia. Hapakuwa na mkwe aliyeheshimiwa kuliko yeye, na mama mkwe alimsifu mpaka msibani kwa watu.

Kitu kimoja tu Bi Holo alikikataa: bangili. Alimweleza bintiye kwamba kifaa kilichotengenezwa na mkwe wake, kinachomshika kifundo usiku na mchana na kumpelekea mkwe huyo mapigo ya moyo wake ofisini, hakina tofauti na mkwe mwenyewe kumshika mkono. Minza alibembeleza wiki mbili. Mwishowe, ili kuilinda amani ya nyumba, akamvalisha mbuzi bangili hiyo.

Mbuzi huyo alifungwa uani, mapigo ya moyo wake yakawa karibu sawa na ya mtu. Nkwabi akikaa ofisini alifurahi kuona mama mkwe ana afya ya ajabu: anatembea mno, anakula mara nyingi, na siku nyingine anaruka ukuta. Aliona ni uzee mwema, akashukuru Mungu.

Jumanne moja, saa nne kasoro asubuhi, Nkwabi alirudi nyumbani kuchukua mchoro aliousahau. Nyumba za Shinyanga za wakati huo zilikaa juu ya gurudumu kubwa, zikijigeuza polepole kulipa jua mgongo. Asubuhi hiyo mtu alikuwa ameacha mchi wa kinu chini ya sakafu. Gurudumu likakwama, nyumba ikajipinda kidogo, na mlango-adabu wa Bi Holo ukagandama ukiwa wazi nusu.

Nkwabi alipita ukumbini kwa amani ya mtu anayejua milango imemfungia njia. Akageuka, akamwona.

Alikuwa amesimama kando ya kitanda na kikombe mkononi, kanga imefungwa kifuani, anaimba kitu cha zamani kwa sauti ya chini. Ndiyo mara ya kwanza Nkwabi kuijua sura yake. Kabla hajapata nafasi ya kurudi nyuma, kikombe kikamtoka Bi Holo mkononi. Hakukitazama. Mguu wa kulia ukamlegea, akateleza kwenye ubavu wa kitanda mpaka sakafuni, kanga ikafunguka. Kisha akageuza jicho, akamwona mkwe wake mlangoni.

Nkwabi alifunika uso kwa viganja, akarudi kinyumenyume mpaka nje ya nyumba. Saa ya ukutani ilikuwa imepiga nne.

Huyu ndiye aliyeunda Kozi. Dalili zile aliwafundisha watoto wa shule kwa wimbo. Lakini aliposimama kwenye kibaraza, kichwa chake kilikuwa kama debe lililopigwa. Labda mama aliteleza tu. Labda alikuwa anaokota kitu. Na yeye ataingiaje pale, mama akiwa hivyo? Akatoa kioo chake cha kazini, akaangalia bangili ya Bi Holo. Kioo kikamwambia mama ni mzima wa afya, mapigo themanini na nane, anatembea. Macho yake yalisema hivi, mashine yake ikasema vile, na aibu ikachagua upande. Akampigia Minza, akamwomba apite nyumbani amwangalie mama. Minza akauliza kuna nini. Akajibu hakuna kitu, ni vizuri tu kumwangalia. Minza akasema atapita wakati wa chakula, yeye akarudi kazini na kuchora mstari mmoja kwa saa tatu.

Minza alifika saa saba. Alimkuta mama yake sakafuni, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wake. Akamfunga kanga vizuri, akabonyeza kitufe cha dharura.

Kozi alitua kwa dakika nne, lakini akatua uani. Bangili ya Bi Holo ilikuwa uani, kwa hiyo mgonjwa alikuwa uani. Alimsalimia mbuzi kwa adabu, akamtaka atabasamu. Mbuzi alitafuna. Akamtaka ainue mikono yote miwili, mbuzi hakuinua. Akamtaka ataje jina lake, mbuzi akasema alichosema. Kozi akaandika kwamba mdomo unakwenda upande, mikono haina nguvu, usemi haueleweki, hali ni mbaya sana, akaanza kumpakia. Minza alitoka mbio akamkuta mbuzi ameshafungwa mkanda. Zilipotea dakika tisa kumshusha, maana kwa hesabu za Kozi mwanamke huyu alikuwa anamwiba mgonjwa.

Hatimaye Kozi aliingiza mikono yake chumbani, akapima, akathibitisha kwamba huyu ndiye, akauliza swali lake. Ilianza saa ngapi? Kama haijulikani, nani alimwona mzima mara ya mwisho?

Minza alisema alimwacha mzima saa mbili asubuhi. Kozi akahesabu: muda ulikwisha saa sita. Mzee Ndaki, kaka yake Bi Holo, aliyekuwa ameingia akitweta na fimbo yake, akasema saa tatu walizungumza kwa simu na dada yake alimtukana vizuri tu, kwa hiyo alikuwa mzima. Kozi akahesabu: muda ulikwisha saa saba, dakika chache zilizopita. Bangili, ikiulizwa, ilisema mgonjwa hajawahi kuugua na sasa hivi anakula ua.

Ndipo Jidayi alipoingia. Huyu ni mtoto wa kwanza wa Bi Holo, na kila siku saa tano ilikuwa zamu yake kumletea mama uji. Minza akamgeukia amuulize, na Jidayi hakusubiri swali liishe. Alisema alikuja saa tano, mama akanywa uji, wakacheka.

Chumba kizima kilishusha pumzi. Mzima saa tano, maana yake vifagio vinaweza kuingia mpaka saa tisa. Mzee Ndaki akaketi. Kama ni hivyo, alisema, haraka ya nini? Baba mkubwa wa watoto hawa yuko njiani kutoka Kahama, anafika saa nane na nusu, na kichwa cha mke wa marehemu mdogo wake hakiwezi kuingizwa wadudu wa chuma bila yeye kusema neno. Kila mtu aliona ni busara. Hata Kozi alisema muda unatosha.

Nkwabi alikuwa amefika, amesimama nje ya ukuta, mahali pake. Alisikia yote. Ikawa saa saba na dakika ishirini na tano.

Alijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua: ilianza saa nne kamili, na mwisho ni saa nane. Wakimsubiri baba mkubwa, Kozi ataingiza vifagio saa nane na nusu kwa ridhaa ya ukoo mzima, na vitampasua mama mbele yao. Jidayi alikuwa anasema uongo. Kwa nini? Na kama Nkwabi ataeleza anavyojua, ataeleza vipi? Mkwe hana kauli katika kikao cha wakwe zake. Na maneno yenyewe hayakuwa na pa kuanzia. Nilimwona mama. Nilimwona wapi? Chumbani. Akiwa vipi?

Alianza kusema mara tatu, mara tatu akakohoa. Ndani wakadhani ni vumbi. Akajaribu ujanja: akamtumia Kozi amri kutoka kioo chake, aingize vifagio sasa. Kozi akamjibu, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, kwamba mhandisi mkuu ni mkwe, si ukoo, na kwa sheria aliyoiandika yeye mwenyewe hana ridhaa ya kutoa.

"Nani anatoa amri huko nje?" aliuliza Mzee Ndaki.

"Ni mimi, mzee wangu," Nkwabi alisema. "Msimsubiri baba mkubwa. Muda si saa tisa. Ni saa nane."

Mzee akasema taratibu, kwa ukuta, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, Nkwabi. Ya kwako umeisahau?"

"Sijaisahau. Lakini mama hakunywa uji saa tano. Jidayi amshike mkono aseme."

Jidayi alicheka, akasema shemeji amelewa vyuma vyake. Akapiga goti, akanyoosha mkono kuelekea mkono wa mama yake. Vidole vilifika karibu, vikasimama. Bi Holo alikuwa anamtazama. Jidayi akaurudisha mkono mapajani mwake, akauangalia kana kwamba umemsaliti. Akasema hakuja. Alikuwa anaangalia mpira kwenye kioo akalala, na akaogopa kuwa yeye ndiye aliyemwacha mama.

Sasa chumba kilichanganyikiwa kabisa. Mzee Ndaki alitaka kujua, kama si saa tano, na si saa tatu, na si saa mbili, na mbuzi hahesabiki, huyo mkwe ameitoa wapi saa nne? Kozi naye aliuliza hilo hilo, kwa maneno marefu zaidi.

Nkwabi aliuacha ukuta. Aliupita mlango ulioganda nusu wazi, akainama kama kawaida yake, akaingia. Mzee Ndaki alifunika macho kwa niaba ya wote. Nkwabi akasema mlango ulikwama, alipita, akamwona mama amesimama mzima, akaona kikombe kinaanguka, akaona anaanguka. Ilikuwa saa nne.

Minza alimtazama mume wake kwa muda.

"Kwa hiyo uliponipigia simu," alisema, "ulijua."

"Nilijua na sikujua."

"Nkwabi. Ulijua."

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi na mbili. Minza akaacha kumtazama, akamgeukia mjomba wake, akasema yeye na Jidayi ni watoto wa huyu mama na wanatoa ridhaa. Baba mkubwa akifika atawakuta wamekosa, na watatubu wakiwa na mama wa kutubia. Mzee Ndaki, macho bado yamefunikwa, alitikisa kichwa kwenda juu na chini.

"Shahidi ashike mkono," alisema Kozi.

Nkwabi alipiga magoti sakafuni, kwenye vigae vya kikombe. Aliutazama mkono wa mama mkwe wake kama mtu anayetazama moto anaotakiwa kuuokota. Akaushika. Ulikuwa mwepesi, na wa baridi kuliko alivyotarajia.

"Saa nne kamili asubuhi," alisema. "Nilikuwepo."

Vifagio viliingia saa nane kasoro dakika sita.

Bi Holo hakufa. Mguu ulirudi, akatembea kwa gongo. Mkono wa kulia haukurudi. Maneno yalirudi machache, na si yale yanayohitajika: alilala na kuamka akitaja majina ya ng'ombe wa utoto wake, lakini kuomba maji ilimchukua wiki tatu. Kozi alikadiria kwamba kama angeitwa saa nne na robo, mgonjwa angerudi nyumbani mchana ule ule na kudai kikombe kingine.

Ripoti ya mashine ilikuwa na mahali pa kujaza sababu ya kuchelewa, na Nkwabi ndiye aliyeipanga orodha miaka mingi nyuma: umbali, dhoruba, hitilafu ya bangili, kikao cha ukoo. Alikaa mbele yake siku mbili. Kila moja ilikuwa kweli kidogo, hakuna iliyokuwa yenyewe. Minza hakumsaidia. Alikuwa anamwongelesha mume wake mambo ya chumvi na mafuta tu, kisha kwa siku kadhaa hata hayo hakumwongelesha. Kisha usiku mmoja alikiri kwamba ni yeye aliyemvalisha mbuzi bangili, wakaketi wakitazama chini, kila mmoja na lake.

Mzee Ndaki aliamua kwamba mkono ukishashikwa hauwezi kurudishwa usishikwe, na akaagiza milango-adabu ing'olewe. Nkwabi aliing'oa mwenyewe. Hata hivyo alipita ukumbini akitazama dari kwa mwezi mzima, mpaka siku Bi Holo alipogonga sakafu kwa gongo lake, mara mbili, akimwita.

Aliingia, akasimama karibu na mlango. Alikuwa amejiandaa kuomba radhi, na aliyaanza maneno yake vizuri, kwamba alisimama pale pale mlangoni akaondoka, kwamba hakuna siku asiyoikumbuka. Bi Holo aliinua mkono wake mzima, kumnyamazisha. Alitafuta maneno kwa muda mrefu, akiyaokota moja moja kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele.

"Siku ile," alisema. "Mdomo wangu... ulikuwa bado mzima."

Nkwabi hakuelewa.

"Nikiwa chini. Nilikuona. Jina lako... lilikuja mpaka hapa." Akagusa midomo yake. "Ningeita."

"Kwa nini hukuita, mama?"

Alipumzika. Jicho lake la kushoto lilimtazama moja kwa moja, na lile la kulia likafuata baadaye kidogo.

"Nilinyamaza," alisema, "ili upite."

Nkwabi alitafuta neno ambalo mkwe humjibu mama mkwe, akayapitia yote aliyofundishwa tangu siku ya posa, na yote yalikuwa ya kusemwa kwa ukuta. Akavuta kigoda, akakiweka mbele ya kitanda, mahali ambapo wangeonana wote wawili, akaketi.